Majiko Mawili Mpendae

Foleni ya mchele ya Darajani, mwaka ule wa sabini, haikuwa na adabu. Ilianzia mlangoni mwa duka, ikapita mbele ya wauza samaki, ikakata kona, ikaenda kuishia penye tope. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati askari mmoja mwenye fimbo ambaye nyumbani kwake mchele haukukosekana. Watu wa kisiwa kilichokuwa kikinukisha dunia nzima kwa karafuu walisimama jua likiwachoma visogo, kila mtu na mfuko wake mtupu, wakingojea pauni mbili za mchele wa chenga. Tuliosimama pale hatujasahau.

Siku hiyo, Alhamisi, katika safu ya wanaume alisimama kijana mrefu, mwembamba, asili yake Tumbatu, jina lake Machano. Alikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya Serikali, na ungelimjua hata bila ya kuuliza: shati jeupe la mikono mifupi, suruali ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, penseli juu ya sikio. Penseli sasa ilikuwa mkononi. Alikuwa akichora nyuma ya pakiti la sigara, akipima kwa kucha ya kidole gumba.

"Kaka, hebu geuza hilo karatasi. Nnaliona kichwa chini."

Machano akageuza shingo. Pembeni yake, katika safu ya wanawake, alisimama msichana amelivaa buibui lake nusu nusu kwa ajili ya joto, kanga ya rangi ya biringani imechomoza kifuani, na shingoni futi ya fundi cherehani, imening'inia kama mkufu wa harusi. Macho yake yalikuwa kwenye lile pakiti.

"Ni nyumba," Machano akasema.

"Nimeona kama ni nyumba. Ya nani?"

"Yangu, inshaallah. Kiwanja nnacho Mpendae. Nimerithi kwa mjomba."

"Una mke?"

"Sina."

"Basi ndo maana."

"Ndo maana nini?"

"Haina jiko."

Machano akaliangalia pakiti lake. Baraza ipo, ukumbi upo, vyumba viwili, ua, choo kimegeuzwa vizuri kisielekee kibla. Jiko hakuna. Wanawake watatu waliokuwa nyuma ya msichana wakacheka mpaka askari akageuka.

"Muache mwana wa watu," mmoja akasema. "Atakula penseli."

Safu ya wanaume ndiyo iliyohudumiwa mwanzo, kama kawaida ya mambo yote. Machano akapata zake pauni mbili. Walipobaki watu wanne kabla ya yule msichana, dirisha likafungwa, mchele umekwisha, rudini Jumatatu. Hakuna aliyepiga kelele. Tulishazoea kurudi Jumatatu. Msichana akakunja mfuko wake. Machano akamfuata, akafungua wake, akammiminia nusu kwenye pindo la kanga kabla hajakataa.

"Sitaki sadaka," msichana akasema.

"Si sadaka. Ni ujira wa ushauri. Umeniokoa na njaa ya maisha."

Msichana akatabasamu upande mmoja. "Mie Mize. Nnashona Kikwajuni, nyumba ya Bi Mwanakheri, uliza tu. Ukija, njoo na suruali. Usije na maneno matupu."

*

Alikuja na suruali. Akaja na ya pili. Baada ya miezi miwili suruali zake zote tatu zilikuwa zimeshapunguzwa urefu mpaka zinaonyesha vifundo vya miguu, na watu wa ofisini wakaanza kumuuliza kama anavuka maji.

Mize alishonea ukumbini, cherehani yake ya mkono juu ya meza ndogo, karibu na mlango wa mbele, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na mwanga mahali pamoja tu. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, bati juu, katika kichochoro cha nyumba ishirini na tatu zilizoegemeana kama wazee baada ya sala. Bi Mwanakheri, mama yake, mjane, ndiye aliyeikandika kwa mikono yake. Mwanzo alikuwa akikaa ukumbini na kumpokea mteja huyu wa suruali kwa kahawa. Kisha akaanza kukaa nyuma ya pazia. Kisha, akisikia tu kikohozi cha Machano kichochoroni, akawa anakimbilia uani kama msichana.

Hapo Machano akajua amekubaliwa. Mwanamke wa Unguja hamkimbii mteja. Anamkimbia mkwe.

"Posa naleta Mfunguo Mosi," alimwambia Mize. "Wazee wangu wanashuka kutoka Tumbatu baada ya Ramadhani."

"Na nyumba?"

"Nyumba inakungoja wewe uiseme."

"Basi sikiliza niiseme." Mize akaacha kuzungusha cherehani. "Ukumbi uwe na dirisha upande wa jua la asubuhi. Sitaki kushona na kibatari mchana. Jiko liwe mbali na chumba, sitaki mume anayenuka moshi."

"Na mume anayenuka wino?"

"Huyo nshamzoea, laazizi."

Walikuwa wakiijenga nyumba ile kwa mdomo kila siku. Mize, akikosa subira, alikwenda duka la Bwana Abdulla lililokuwa na simu, akapiga ofisini. Simu ya ofisi ilikaa juu ya meza ya mkubwa, na mkubwa alikaa juu ya simu. Kwa hiyo Machano akajifunza kupenda kwa lugha ya Serikali.

"Naam. Ofisini hapa."

"Nimekukumbuka, we mchora visanduku."

"Naam bibi, ombi lako limepokewa."

"Utakuja leo?"

"Wataalamu wetu watafika kukagua saa kumi na nusu."

"Waambie waje na njugu."

"Hilo litazingatiwa, bibi."

Mize alikuwa akicheka peke yake njia nzima ya kurudi.

*

Karatasi kubwa ilikuja ofisini siku ya Jumanne. Ilikunjuliwa juu ya meza tatu zilizounganishwa. Mtaa mzima ulikuwa humo, kila paa kisanduku, na juu ya visanduku mtu asiyejulikana alikuwa amepitisha mstari wa penseli nyekundu, umenyooka, mpana, barabara na majumba marefu. Mstari ule ulianza Kikwajuni. Kazi ya Machano ilikuwa kuupiga wino.

Nisemeje juu ya mstari wa namna hii? Wenye kuuchora huwa wamekaa, na wenye kuchorwa huwa sokoni, wanakuna nazi, wanaogesha watoto. Hakuna hata mmoja anayewaendea na kuwaambia: bibi, tumekuja kukuuliza. Tuliambiwa nchi sasa ni yetu. Basi mwenye nyumba hubishiwa mlango kabla ya kubomolewa.

Machano alitafuta kisanduku kimoja, akakipata. Kilikuwa chini ya mstari, katikati hasa.

"Wino," mkubwa akasema, amesimama nyuma yake. "Na kabla hujachovya kalamu, sikia. Habari hii itatangazwa na wenyewe wakati wenyewe wakitaka. Ikisikika kabla, nnajua watu watatu tu walioiona karatasi hii. Mmoja ni mimi, na aliyesema hatakuwa mimi."

Machano alichovya kalamu. Mkono wa mchora ramani hufuata mstari. Kichochoro kizima cha nyumba ishirini na tatu kilipita chini ya wino kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa.

Ijumaa alipotoka msikitini alikaa na karatasi mpya, akaichora upya nyumba ya Mpendae. Nyuma ya ua aliongeza ukuta. Nyuma ya ukuta akaweka chumba kingine, jiko jingine, choo kingine, na mlango wake wa kutokea njia ya nyuma, ili anayekaa huko asikutane na anayekaa huku hata kwa bahati mbaya. Akampelekea fundi Muhiddin, mwashi wa zamani asiye na jino la mbele, akamwambia apige mambo, vile vigingi vya miti, na kamba mara moja, msingi uchimbwe upesi.

Machano hakumwambia Mize. Alijiambia: nikimwambia nitamtwika siri ambayo akiitema tunakwenda sote. Alijiambia: akija kubomolewa, atakuta nimeshamtengenezea mama yake mahali, atafurahi. Mwanamume akishajiambia maneno mawili mazuri, la tatu halitafuti.

*

Jumamosi Mize aliwapelekea mafundi mkate wa kumimina. Alifika Mpendae amevaa kanga jozi, mpya, maana alitaka kuiona nyumba yake na yeye amependeza. Hakukuwa na ukuta bado. Kulikuwa na mambo ya miti yamekitwa ardhini na kamba za makumbi zimevutwa baina yake. Mtu anayekata nguo kila siku hahitaji kuelezwa ramani. Aliingia alipoona mlango, akapita ukumbini, akahesabu vyumba, akatoka uani, akasimama jikoni. Akatabasamu.

Kisha akaona kamba nyingine upande wa pili.

"Fundi, huku nako ni nini?"

"Chumba, Bi Mize. Hapa jiko. Hapa choo. Mlango ule kule."

"Jiko si lile?"

"Lile la kwanza. Hili la pili." Muhiddin akauma mkate. "Mie siulizi. Mtu akitaka majiko mawili nampigia kamba majiko mawili. Marehemu baba yangu alikuwa na matatu, na hakula chakula cha moto hata siku moja."

Mize hakucheka. Mama yake Machano alishafariki. Dada zake wawili wameolewa Mkokotoni, kila mmoja kwake. Huyu mtu hana jamaa wa kumuwekea jiko. Na Unguja nzima, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, ukiona nyumba ya kijana ina chumba na jiko, halafu ukuta, halafu chumba na jiko, huulizi vya nani. Vya mke na mke mwenziwe.

Alitembea kwa miguu mpaka duka la Bwana Abdulla.

"Naam. Ofisini hapa."

"Machano. Jiko la pili la nani?"

Karatasi kubwa ilikuwa imetandazwa mezani. Mkubwa alikuwa ameinama juu yake, sikio lake shubiri moja kutoka kwenye simu.

"Naam, bibi. Ombi lako nimelisikia."

"Leo usinichezee. Nimetoka Mpendae sasa hivi. Nimesimama kwenye jiko langu, nikaliona la mwenzangu. Nani?"

"Suala hilo, bibi, sina ruhusa ya kulijibu."

"Ruhusa ya nani? Yake?"

"Litajibiwa wakati wake."

"Lini? Baada ya kunioa?"

Machano akafumba macho. "Tunaomba subira yako, bibi."

Sauti ya Mize ikaja, ndogo, bila ya hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha: "Nlikwambia uongeze jiko, Machano. Sikukwambia mawili."

Akaiweka simu. Bwana Abdulla alikuwa ameshughulika na mizani, anapima sukari, na sukari dukani hakuna tangu mwezi uliopita.

*

Machano alikwenda jioni ile. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilifunguliwa kidogo, ukatoka mkono na suruali ya kijivu iliyokunjwa.

"Hii imekwisha," Mize akasema.

"Mize, fungua nikueleze."

"Eleza. Dirisha lina masikio."

"Jambo haliko unavyofikiri."

"Nnafikiri vipi?"

"Hakuna mwanamke."

"Basi jiko la nani?"

Kichochoro kilikuwa kimejaa. Jirani anachambua mchele, jirani anasuka, mzee na tasbihi yake, na baina yao yumkini mmoja wa kupeleka maneno; zama zile hata paka ulimpunguzia sauti. Machano akasogea karibu na dirisha.

"Siwezi kusema."

"Na mie siwezi kuolewa na mtu asiyeweza kusema."

Akaja siku ya pili, dirisha halikufunguliwa. Akaja siku ya nne, akaambiwa Mize yuko Kiembe Samaki kwa shangazi, na cherehani inasikika ndani. Ofisini, kando ya karatasi kubwa, iliandikwa tarehe ya kubomoa. Zilibaki siku kumi na saba.

Siku ya tano hakubisha dirishani. Alisimama mlangoni mpaka mlango ukafunguliwa kwa mteja mwengine, akaingia nyuma yake, mteja alipotoka yeye akabaki. Mize aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mkono haukuacha kuzungusha cherehani.

"Toka."

"Sikuja kwako leo. Nimekuja kwa mama."

Mkono wa Mize ukasimama. Nyuma ya pazia kitu kilidondoka. Mkwe hasemeshwi namna hiyo. Hutumiwa mtu, hupelekewa salamu, huinamishiwa kichwa kwa mbali. Machano aliligeukia pazia, akaliambia:

"Shikamoo, mama."

Pazia likatikisika. "Marahaba," likajibu, kwa shida.

"Mama, nyumba hii itavunjwa. Hii na zote za kichochoro. Zimebaki siku kumi na sita. Nimeiona karatasi. Tumekatazwa kusema, na mwenye kusema anajulikana atakapokwenda. Chumba kile cha Mpendae na jiko lile ni vyako. Sikuwa na mwanamke. Nlikuwa na wewe."

Nje mtoto alikuwa akiimba. Mize akauliza polepole, kama mtu anayepima kitambaa ghali:

"Mstari huo, nani kaupiga wino?"

"Mimi."

"Ukapita juu ya nyumba yetu."

"Ndiyo."

"Kisha ukaenda ukatuchorea chumba."

"Ndiyo, Mize. Sasa umefahamu."

"Nimefahamu." Akasimama. "Wao wamekaa wakatuchora, hawakutuuliza. Na wewe ukakaa ukatuchora, hukutuuliza. Wao wana penseli nyekundu, wewe una nyeusi. Nionyeshe tofauti, Machano. Mie mshoni tu, sikusoma."

Machano alikuwa amekuja na siri yake kama mtu aliyebeba zawadi nzito, akingoja kupokewa mzigo na kushukuriwa, na sasa amesimama nayo.

Pazia likasema: "Na mie nani alikwambia ntakwenda kukaa kwa mkwe? Nikikohoa unisikie? Nikenda chooni unihesabie hatua?"

"Ndo maana nimeweka choo mbali, mama. Na mlango wako. Usingeniona mwaka mzima."

"Umefikiri vizuri, mwanangu," Bi Mwanakheri akasema. "Umefikiri peke yako."

Kisha akalifungua pazia, akatoka. Machano akainamisha kichwa haraka, akaona miguu tu, mikavu, yenye udongo mweupe kwenye kucha. Miguu ilikwenda mpaka mlangoni, ikasimama.

"Majirani wanajua?"

"Hapana, mama."

"Kaya ishirini na tatu. Hidaya ana mtoto wa siku nane. Mzee Usi hanyanyuki kitandani. Katapila likija asubuhi wakati watu wako foleni, nani atamtoa?" Akavuta kanga kichwani. "Nikinyamaza, wewe salama. Nikisema, wewe umekwisha. Sikuamulii. Nshaamuliwa sana mie, najua ladha yake. Sema mwenyewe."

Machano alimtazama Mize. Mize alikuwa anautazama ukuta. Hakumpa hata kope.

Ndipo pale, katika ukumbi ule wenye mwanga mahali pamoja tu, mapenzi yao yalipofika pa kugeuka ama kufa. Machano alikuwa na kazi, na kazi ile watu mia walikuwa wakiitamani. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Waambie, mama," akasema. "Waambie wote."

*

Kichochoro hakikupiga kelele. Kilifanya kazi. Watu walitoa milango yao kwenye bawaba, wakashusha bati, wakang'oa mapaa, wakafunga vitanda kwa kamba. Mzee Usi alibebwa na kitanda chake mpaka Mwembeladu kwa bintiye, akiwalaumu wabebaji njia nzima kwamba wanamtikisa. Wenye karatasi walipokuja kusoma tangazo lao walikuta wanawasomea kuta tupu, na wakaahidi kwamba kila mtu atapewa nyumba ya ghorofa. Wengine walipewa. Wengine wanangoja, na wengine wamekufa wakingoja. Majina yao nnayo.

Machano alichukuliwa Jumatano, mezani kwake, na watu wawili waliomwambia kwamba wanamhitaji kwa mazungumzo mafupi. Mazungumzo yalikuwa ya siku kumi na moja. Waliyomfanya humo hakumsimulia mtu, si Mize wala mwengine, na mimi sitajifanya nilikuwapo. Alipotoka kichwa kilikuwa kimenyolewa, shati ni lile lile, na kazi hana.

Alikwenda Kikwajuni kwanza. Kichochoro hakikuwapo. Palikuwa na udongo umesawazishwa, na juu ya udongo vipande vya kuta, rangi za ndani za vyumba vya watu, buluu, waridi, kijani cha chumba cha maharusi, vimelala juani kila mtu apitaye anavitazama. Alisimama mahali alipokisia kuwa ni ukumbini. Hakuwa na hakika.

Akatembea mpaka Mpendae. Hakutazamia kumkuta mtu. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna wa kumwambia inuka.

Akamkuta Mize amepiga magoti mchangani, buibui limetundikwa kwenye tawi, futi mkononi, anamsomea fundi Muhiddin vipimo. Mambo yote yaliyopigwa mwanzo yalikuwa yameng'olewa, yamelazwa pembeni. Yamekitwa mengine, kwengine. Upande wa nyuma bati za Kikwajuni zilikuwa zimeegemezwa kwenye miti zikafanya kibanda, na ndani yake mtu alikuwa akichochea moto.

Mize akainuka. Alikitazama kile kichwa kilichonyolewa.

"Umekonda."

"Na wewe umeng'oa kamba zangu."

"Nimeng'oa. Dirisha la ukumbi ulilielekeza magharibi. Nilikwambia jua la asubuhi, ukaitikia ndiyo laazizi, ukenda ukachora jua la jioni."

Muhiddin akajikohoza. "Mie nlimwambia, Bi Mize."

"Hukumwambia kitu, fundi, ulikuwa unakula mkate."

Machano alikaa juu ya kifusi cha mawe. Mize akaja akakaa mbali naye kwa urefu wa mkono mmoja.

"Nlikuja pale ulipowekwa kila siku," akasema. "Siku kumi na moja. Nlikuwa nnabeba chakula, wanakipokea. Ulikipata?"

"Hapana."

"Nlijua. Nikaendelea kuleta." Akaokota kijiwe, akakiweka chini. "Nna hasira na wewe bado, Machano. Usidhani jela imeifuta."

"Sikudhani."

"Lakini nnakutaka. Na nimekaa nikapima. Mahari yangu sitaki kitanda, sitaki dhahabu. Nataka kiwanja hiki. Kiandikwe kwa kadhi, jina langu, siku ya nikaha, mbele ya wazee wako."

Machano akamgeukia. Kazi imekwenda. Jina lake mjini sasa ni jina la kunong'onwa. Udongo huu wa mjomba ndio kitu pekee kilichobaki duniani ambacho mtu angekiita cha Machano.

"Chote?"

"Chote. Mama hawezi kukaa kwa mkwe wake. Ni aibu, na umri wake huo haujifunzi aibu mpya. Kwa binti yake anakaa. Akikohoa anakohoa kwake. Wewe ndo utakayeona haya, na ni zamu yako."

"Na mie ntakuwa nani humu ndani?"

"Mume wangu. Unakiona cheo kidogo?"

"Na nikikataa?"

"Kiwanja ni chako. Tutakunja bati tuondoke, na sitakusema vibaya kwa mtu. Sikutishi. Nnakuuliza." Akaikunja futi mkononi. "Nataka niione tu, mara moja katika maisha yangu, namna mtu anavyoulizwa."

Upepo ulipita, kamba mpya zikatikisika. Machano alizitazama zinavyokwenda. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko alivyouchora yeye, chumba cha kulala kidogo. Sehemu ya mama haikuwa nyuma ya ukuta tena. Ilikuwa imeingizwa ubavuni, jua linaifikia. Aliona kosa moja la vipimo, futi mbili upande wa baraza, na kwa mara ya kwanza tangu ashike penseli akanyamaza kuhusu kosa la vipimo.

"Lete kadhi," akasema.

Mize alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalimtikisika, hakutoa sauti. Machano hakumgusa, hawajaoana, na Muhiddin yupo, amewageuzia mgongo anapiga mambo ambayo yalishapigwa. Alipoondoa mikono Mize alikuwa na mchanga mashavuni.

"Basi toka nje ya kamba," akasema. "Uje uingie kama watu wanavyoingia."

Machano akaruka kamba, akatoka, akazunguka kidogo, akasimama penye nafasi aliyoidhania ni mlango. Mbele yake hakukuwa na kitu ila hewa. Akainamisha kile kichwa chake cha upara.

"Hodi."

Mize hakujibu. Alikuwa anatazama upande wa kibanda.

"Hodi," mara ya pili. Muhiddin akaacha kupiga nyundo.

Mtu akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi zake na halaumu mtu. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Machano alivuta pumzi. Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati, na chungu kinatokota.

"Hodi," akasema.

Mle kibandani mtu alikohoa, kwa makusudi, kikohozi cha mwenye nyumba.

"Karibu," Bi Mwanakheri akasema. "Lakini zunguka mbele, mwanangu. Hapo uliposimama ni chooni."